Themostati ya nyuzi 82 kwa injini ya 1NZ: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukinunua IST, Raum, Probox au Fielder ambayo imeshatembea barabara za kwetu miaka kadhaa, usishangae kukuta haina themostati, yaani kile kilango kinachosimamia joto la maji ya injini. Haikufa, ilitolewa. Fundi aliichomoa siku gari lilipochemsha, akafunga nyumba yake tupu, akamwambia mwenye gari: "Bosi, hiki kidude ni cha nchi za baridi. Huku kwetu hakina kazi." Gari likatulia wiki mbili tatu, fundi akasifiwa. Yaliyofuata hakuna aliyeyahusisha na kidude kile: taa ya bluu ya injini baridi isiyozimika asubuhi, sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) iliyoko juu muda wote, mafuta yanayoisha haraka, gia ya mwisho inayochelewa kuingia, na utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili.

Tathmini hii ni ya kifaa hicho: themostati ya nyuzi 82 inayokaa kwenye injini za Toyota 1NZ-FE za cc 1,500 na mdogo wake 2NZ-FE wa cc 1,300. Madukani zipo za aina nne. Kuna halisi ya Toyota, kuna za kampuni nyingine za Kijapani kama Tama, kuna za boksi lisilo na jina la kueleweka, na kuna za mtumba zilizochomolewa kwenye injini zilizokatwa. Hazilingani hata kidogo, na tofauti yake unaweza kuiona kwa macho na kuipima jikoni.

Ishike mkononi kwanza

Themostati ni sahani ya chuma yenye upana wa kama sentimita 5, imezungukwa na mpira mweusi wenye mfereji ndani. Juu yake kuna daraja dogo la chuma na sindano katikati. Chini kuna kikopo cha shaba, springi, na mwishoni kabisa kisahani kidogo kama kitako. Pembeni mwa sahani kubwa kuna tundu dogo lenye kipini kinacholegea. Ukiitikisa themostati karibu na sikio, utasikia kipini kikigonga. Hicho ndicho kipini cha kupumulia, hewa iliyonasa ndani hupitia hapo wakati unajaza maji. Kwenye chuma pamepigwa mhuri wa namba: 82.

Ndani ya kikopo cha shaba kuna nta. Injini ikiwa baridi nta ni ngumu, springi inafunga mlango, na maji yanazunguka ndani ya injini na hita peke yake bila kwenda kwenye rejeta. Ndiyo maana injini inapata joto haraka. Maji yakikaribia nyuzi 82 nta inayeyuka, inatanuka, inaisukuma sindano, mlango unafunguka, na maji ya baridi ya rejeta yanaanza kuingia kidogo kidogo.

Sasa tazama kile kisahani cha chini, kwa sababu ndicho mafundi wengi hawakijui kazi yake. Kwenye injini hizi kuna njia ya mkato inayoyarudisha maji ya moto kwenye pampu bila kupita rejeta. Mlango wa juu unapofunguka, kisahani kinashuka na kuiziba njia ile ya mkato, ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukiitoa themostati nzima, hakuna wa kuiziba. Maji yanachagua njia nyepesi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka tu ndani bila kupoozwa. Tambarare, gari tupu, mwendo wa kilomita 80 kwa saa, injini inakuwa baridi kupita kiasi. Panda mlima Kitonga na abiria wanne na mizigo, A/C imewashwa, na injini ileile inaanza kuchemsha. Kutoa themostati kunaleta magonjwa mawili kwa pamoja, na la pili hutupiwa lawama pampu ya maji au rejeta, ambazo hubadilishwa bila kosa.

Hili ndilo jambo tunalotaka kila mwenye 1NZ alishike: nchi ya joto haiondoi haja ya themostati. Hewa ya Dar ya nyuzi 32 na hewa ya Njombe ya nyuzi 8 zote ziko mbali sana na 82. Injini haijali kama nje kuna jua. Inajali kama maji yake yamefika kwenye joto ambalo pistoni, oili na kompyuta viliandaliwa kwa ajili yake.

Kompyuta ya injini ikiona maji bado ni ya baridi, inaamini gari limewashwa sasa hivi. Inaongeza petroli, inapandisha mzunguko, na kwenye gia za otomatiki inazuia gia ya mwisho mpaka joto lipande. Petroli ya ziada isiyoungua inateleza kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Mvuke wa maji, ambao oili ya moto ingeufukuza, unabaki. Huo utando wa maziwa unaouona chini ya kifuniko ndipo unapotoka, hasa kwa magari ya safari fupi za mjini. Watu wengi wakiuona wanaambiwa gasketi ya silinda hedi imekufa, injini inafunguliwa, na hela inateketea bure. Kabla hujakubali kufungua injini, uliza kwanza kama themostati ipo.

Kabla hujatoa hela: je, ni themostati kweli?

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Kifanye asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Tafuta mpira mkubwa wa chini wa rejeta, ule unaoingia kwenye injini upande wa pampu. Kwenye 1NZ themostati iko mwisho wa mpira huo wa chini. Wengi wanashika mpira wa juu kwa mazoea ya injini nyingine, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu mpira wa juu unapokea joto moja kwa moja kutoka kwenye silinda hedi hata mlango ukiwa umefungwa.

Washa gari, liache kwenye sailensa, na kila baada ya dakika shika mpira wa chini, mkono ukiwa mbali na feni na mikanda. Themostati nzima itauacha mpira huo ukiwa baridi kabisa kwa dakika kadhaa huku mpira wa juu na mipira ya hita ikipata moto. Ukifika muda wake, utahisi joto likiingia kwenye mpira wa chini. Ukiona mpira wa chini unakuwa vuguvugu ndani ya dakika 2 au 3 za mwanzo, pamoja na wa juu, basi mlango uko wazi au themostati haipo. Mpira wa juu ukichoma, wa chini ukabaki baridi, na mshale unapanda kuelekea juu, mlango umeganda ukiwa umefungwa. Zima gari hapohapo, wala usifungue kifuniko cha rejeta likiwa la moto.

Kipimo cha pili kinahitaji kile kidude cha bluetooth cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD chini ya usukani na simu yenye programu ya kusoma data. Kwa gari la Kijapani lisilo na mshale wa temperecha, kama Vitz na IST nyingi zenye taa ya bluu na nyekundu tu, kidude hiki kinakufaa kuliko maelezo yoyote ya fundi. Soma joto la maji kabla hujawasha. Baada ya usiku mzima linapaswa kukaribiana na joto la hewa inayoingia kwenye injini. Sensa ikionyesha nyuzi 60 asubuhi, au ikionyesha nyuzi 40 chini ya sifuri, tatizo ni sensa au waya wake. Kwenye Toyota, 40 chini ya sifuri maana yake waya umekatika au plagi ya sensa imeachia. Namba ya 140 na kuendelea maana yake kuna shoti.

Endesha kawaida. Joto linapaswa kupanda bila kusita mpaka karibu na 80, kisha litulie kwenye 80 na kitu hadi 90 na kitu. Gari lisilo na themostati utaliona likifika 60 au 70 mjini kwenye foleni, halafu likishuka tena ukiingia barabara kuu na upepo ukapiga rejeta. Kushuka huko kwenye mwendo kasi ndiyo alama kubwa kuliko zote. Kompyuta ikichoka kusubiri huandika kodi ya hitilafu P0128, yaani maji hayajafikia joto la themostati kwa muda unaotakiwa. Kwenye magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani kodi hiyo haitokei, kwa hiyo kukosekana kwa kodi si ushahidi kwamba themostati ni nzima.

Sensa yenyewe unaweza kuipima kwa mita ya umeme. Chomoa plagi yake, pima ukinzani kati ya pini zake mbili: kwenye nyuzi 20 utapata kilo-omu 2 hadi 3, kwenye nyuzi 80 utapata kilo-omu 0.2 hadi 0.4. Ukinzani unashuka joto linapopanda. Sensa ikidanganya kuwa injini ni baridi, utapata dalili zote za themostati mbovu, sailensa ya juu na ulaji wa mafuta, ilhali injini yenyewe ina moto wa kawaida. Mpira wa chini ndio utakaokuamulia.

Mkosaji mwingine ni feni. Mafundi wanaotoa themostati ndio haohao wanaounga feni moja kwa moja, ili izunguke kila switchi inapofunguliwa. Kama feni ya gari lako inaanza kupuliza sekunde ileile unapowasha asubuhi, na A/C imezimwa, rudisha waya zake kama zilivyokuwa kabla ya kugusa kitu kingine. Na kama maji yamepungua kiasi kwamba sensa iko kwenye hewa, joto linaloonyeshwa litapanda na kushuka ovyo. Angalia kiwango kwanza.

Sailensa inayopepesuka gari likiwa baridi na kutulia likipata moto, wakati joto linapanda vizuri, usiipeleke kwa themostati. Hiyo huwa ni throto bodi chafu, mpira wa hewa uliopasuka au plagi zilizochoka.

Zile aina nne dukani

Halisi ya Toyota. Inakuja kwenye kiboksi au mfuko wa Toyota wenye lebo, na namba ya spea inayoanza na 90916-03. Mpira wake huuzwa peke yake, na namba yake inaanza na 16325. Dai vyote viwili. Usimpe muuzaji jina la gari tu, mpe namba ya chesisi, kwa sababu jina moja la gari linaweza kubeba injini tofauti. IST ya NCP61 ina 1NZ, ya NCP60 ina 2NZ, na Fielder za miaka mbalimbali hazifanani zote. Kwa halisi utaona mhuri wa 82 uliosomeka vizuri, kingo za sahani hazina makali ya kukwaruza, kipini kinacheza kwa uhuru, na ukiishika kuielekeza kwenye mwanga wa jua huoni mwanga ukipenya kwenye mlango, isipokuwa kidogo sana pale kwenye kipini. Mpira wake ni laini, unarudi ukiubonyeza. Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa gari unalolitegemea. Bei yake ni mara kadhaa ya ile isiyo na jina, lakini ukiweka bei hiyo pembeni ya gharama ya kulanti (maji maalumu ya rejeta) na kazi ya fundi, ambazo utazilipa tena kama themostati itakufa, tofauti inakuwa ndogo.

Tatizo lake ni bandia. Boksi zinaigwa. Lebo yenye wino unaofutika kwa kidole chenye mate, namba ya spea kwenye boksi isiyoendana na chesisi yako, mhuri wa joto uliopigwa kwa kina kidogo au uliopinda, au mpira mgumu unaonuka kama ndala mpya, vyote hivyo ni sababu ya kurudisha mzigo kaunta. Muuzaji anayejiamini atakuruhusu uifungue na kuitazama mbele yake.

Kijapani isiyo ya Toyota, mfano Tama. Kwa pesa yako tunaiweka ya pili, karibu sana na ya kwanza. Kwenye namba za Tama tarakimu za mwisho baada ya kistari ndizo joto la kufunguka: inayoishia 82 inafunguka nyuzi 82, ya 88 nyuzi 88, na zipo za 76.5. Uzuri wake ni kwamba maelezo yapo wazi kwenye kifaa chenyewe. Jambo la kuchunga ni kile kisahani cha chini. Iweke pembeni ya ile ya zamani uilinganishe urefu kutoka kwenye sahani mpaka kwenye kitako, na upana wa kitako. Ikiwa fupi, itafungua mlango wa rejeta lakini njia ya mkato itabaki wazi, na utakuwa umelipia nusu ya kazi.

Isiyo na jina. Boksi jeupe, au boksi lenye picha ya injini isiyo ya gari lako. Nyingine zinafanya kazi, hatukatai. Lakini tulichokiona kwenye bidhaa za daraja hili kinatosha kutufanya tuziache: zipo zisizo na mhuri wa joto, zipo zisizo na kipini cha kupumulia, na zipo ambazo ukiziweka kwenye mwanga unaona mwezi mwandamo kwenye mlango uliofungwa. Isiyo na kipini itanasa hewa chini yake, na hewa hiyo ndiyo itakayofanya gari lichemshe siku ya kwanza na fundi aseme "si nilikwambia?" Kama bajeti haikuruhusu zaidi ya hii, basi usiifunge bila kuipima kwenye sufuria.

Ya mtumba. Inaweza kuwa halisi kabisa na nzima, na kwa bei ya soda. Inaweza pia kuwa ndiyo sababu injini ile ilikatwa. Sufuria ndiyo hakimu. Mpira nunua mpya, hapo hakuna mjadala.

Kuna swali linaloulizwa sana kaunta: "Nipe ya nyuzi ndogo, ya nchi za joto." Ndiyo hiyo ya 76.5. Kwa 1NZ hatuishauri. Namba ya themostati ni sakafu, haihusiki na dari. Inasema injini isiteremke chini ya hapo. Dari inawekwa na rejeta, feni, pampu na kifuniko. Gari linalochemsha kwa themostati ya 82 iliyo nzima litachemsha na kwa ya 76.5, limechelewa dakika chache tu.

Kuipima kwenye sufuria

Chukua sufuria ya lita 2 au 3, maji, na kipimajoto kinachofika angalau nyuzi 100. Funga themostati kwa uzi wa nailoni kwa namna hii: fungua mlango kwa nguvu ya vidole, ingiza uzi kwenye mwanya, uachie mlango ubane uzi. Ining'inize ndani ya maji isiguse chini wala pembeni. Pasha moto polepole, hasa kuanzia nyuzi 70, ukikoroga. Themostati itakapoanza kufunguka itauachia uzi na kudondoka. Soma joto sekunde hiyo. Kwa ya 82, kiwango cha Toyota ni kati ya 80 na 84. Ikidondoka kwenye 72 au ikang'ang'ania mpaka 90, hiyo si yako.

Endelea kupasha mpaka 95, iache humo dakika kadhaa, itoe kwa koleo na upime haraka mwanya wa mlango. Biti ya drili ya milimita 8 inapaswa kupita. Wa Nairobi, Limuru, Njombe au Mafinga wazingatie hili: maji yenu yanachemka kabla ya 100. Nairobi yanachemka karibu na 95, na Limuru chini ya hapo. Kwa hiyo usitegemee kuiona imefunguka kikamilifu kama ya mtu wa Mombasa, na usiitupe themostati nzima kwa sababu ya mwinuko wa mji wako. Joto la kuanza kufunguka, 80 hadi 84, halibadiliki popote ulipo, na hilo ndilo la kuamulia.

Kisha iache ipoe yenyewe nje ya maji. Inapaswa kujifunga mpaka mwisho. Rudia mara mbili. Zile mbovu hufaulu mara ya kwanza na kukwama mara ya pili.

Kufunga

Injini iwe baridi. Mwaga maji kwa koki ya chini ya rejeta kwenye beseni safi. Mfumo mzima unachukua karibu lita 5, na utakachomwaga kwa koki hakifiki hapo. Tazama rangi. Maji ya rangi ya chai ni kutu, na kutu ndiyo inayogandisha themostati. Kama ni hivyo, suuza mpaka yatoke meupe kabla ya kuweka kifaa kipya, la sivyo utakuwa unaitia jela mapema.

Fuata mpira wa chini hadi nyumba ya themostati. Inashikwa na nati 2. Kwenye baadhi ya magari lazima ulegeze au utoe alteneta kupata nafasi, na hapo toa kwanza waya wa hasi wa betri. Futa kingo kwa kitambaa, zikwangue taratibu kama kuna mabaki ya gamu ya silikoni. Hiyo gamu usiirudishie. Mpira wa themostati unajitosha wenyewe, na vipande vya silikoni vikikatika huenda kuziba mirija ya rejeta.

Vaa mpira kwenye ukingo wa sahani, pande zote mbili ziingie kwenye mfereji. Kipini cha kupumulia kielekee juu, kikipinda kisizidi nyuzi 10 kulia au kushoto. Upande wenye springi na kikopo unaingia ndani ya injini. Nati zikazwe kidogo tu, kama newtoni mita 10, yaani spana fupi kwa nguvu ya kiganja. Wanaozikaza kwa mguu ndio wanaopasua nyumba.

Jaza kulanti. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (distilled water) unafaa, na ya Toyota ya rangi ya waridi huja ikiwa imeshachanganywa, usiiongeze maji. Watu wa pwani waepuke kabisa maji ya kisima, chumvi yake inakula alumini ya injini na ya rejeta. Jaza polepole, ukiminya mpira wa juu na wa chini kwa mkono mara nyingi ili hewa itoke kwa kububujika. Weka hita kwenye moto wa mwisho. Washa gari, ongeza ujazo unaposhuka. Funga kifuniko, shikilia mzunguko kwenye 2,000 hadi 2,500 mpaka themostati ifunguke na feni iwake na kuzima angalau mara moja. Hewa ya hita ikitoka ya moto muda wote, hakuna hewa iliyonasa. Ikitoka ya moto kisha ya baridi kisha ya moto, bado ipo. Zima, acha ipoe kabisa, fungua, ongeza. Tangi la akiba liwe kati ya alama ya LOW na FULL.

Ukiwa hapohapo, kitazame kifuniko cha rejeta. Kwenye magari haya huandikwa 108 au 1.1. Presha hiyo inapandisha kiwango cha kuchemka mpaka karibu nyuzi 120. Mpira wake ukiwa umepasuka au springi imelegea, maji yatachemka mapema na themostati mpya italaumiwa bure. Kifuniko ni cha bei ndogo, kibadilishe.

Asubuhi inayofuata rudia kipimo cha mpira wa chini, na safari ya kwanza ndefu iende na kidude cha OBD kikiwa kimechomekwa. Unachotafuta ni joto linalopanda hadi 80 na kitu na kubaki palepale ukiwa kasi na ukiwa kwenye foleni. Sailensa ya injini iliyopata moto ishuke karibu na mzunguko wa 700. Kama oili ilikuwa na ule utando wa maziwa, ibadilishe baada ya siku chache za kuendesha kwa joto sahihi, pamoja na filta, na ufute kifuniko chake. Utando usiporudi, na kama gari halipungukiwi maji, silinda hedi yako haikuwa na kosa.